Uzi Wenye Mafundo Matatu

12 Januari 1997

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwenye cherehani, maana najua hata barua hii utaisomea hapohapo, mguu juu ya pedali. U mzima? Mgongo je? Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako anakusalimu, ametoka gereji sasa hivi na grisi mpaka kwenye kope. Binti yetu ameingia darasa la sita na viatu vya mwezi wa kumi vimeshambana.

Nina shida ya gauni. Wifi yangu anaolewa mwezi ujao na mimi nimewekwa meza ya mbele, ambapo kila mtu ataniona. Nimezunguka maduka matatu. Nguo zote zinakwamia mapajani. Muuzaji, kabinti kenye kiuno cha nyigu, kakaniambia, "Mama, ya kukutosha wewe hatuleti." Nilitoka nikanunua soda mbili za baridi, nikazinywa nimesimama palepale, ndipo hasira ikashuka. Hivi siku hizi wenye viwanda wanapunja kitambaa, au ni mimi?

Basi nakutumia uzi kama kawaida yetu. Nimejipimia bafuni, mlango nimefunga. Kutoka ncha yenye wino hadi fundo la kwanza ni kifua, kutoka hapo hadi la pili ni kiuno, na hadi la tatu ni nyonga. Tepu sina wala sinunui, hiyo ni kazi yako.

Lifti ya jengo letu imekufa tena, na ghorofa ya nne imekuwa mbali siku hizi. Nikifika ya pili nakaa kwenye ngazi, nafungua mkoba, najifanya natafuta funguo. Majirani wanapita wananisalimu. Nafikiri wananiona mtu wa kupoteza funguo.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Kibonge

26 Januari 1997

Mdogo wangu Kibonge,

Barua yako na uzi wako vimefika, nikafurahi kana kwamba umeingia mlangoni mwenyewe. Mimi sijambo. Mgongo unauma, lakini fundi asiyeumwa mgongo huyo hana wateja.

Gauni ndilo hilo kwenye kifurushi, rangi ya zambarau, zipu ya pembeni. Uzi wako nimeupima. Uko vilevile kama mwaka jana, hujaongezeka wala hujapungua, kwa hiyo usiumize kichwa na vitoto vya dukani. Dukani mtu anaifuata nguo. Kwangu nguo inamfuata mtu.

Jana alikuja mke wa daktari wa meno kupimwa. Ameongezeka, tena si kidogo, lakini nilinyamaza. Aliyenifundisha kazi aliniambia mapema kabisa: mwanamke hatajiwi namba yake. Unaisoma kimoyomoyo, unaiandika daftarini, unaongeza kitambaa. Akivaa akajiona yuleyule, atarudi. Ukimtajia, umempoteza.

Na wewe acha kulalamika. Mwili huo umeurithi kwa mama, ni neema. Mimi niliyeitwa Sindano tangu shule, niliyevaa sketi mbili moja juu ya nyingine ili nionekane nina nyonga, mimi niliyeachwa na mchumba kwa sababu mama yake alisema nitazaa watoto wa njiti, ndiye ninayekuambia shukuru. Kula vizuri, kaa meza ya mbele, wakuone.

Dada yako,
Sindano

9 Mei 1997

Dada mpenzi,

Hujambo? Mimi mwili ni mzima kwa kuutazama. Kwa ndani leo sijui nikuambie nini.

Gauni lilipendwa harusini, asante sana. Lakini juzi muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja ofisini kwetu kupima wafanyakazi bure. Mizani iliwekwa kwenye chumba cha barua. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, sisi wapiga chapa, wapokea simu, karani wa masjala, na mpika chai. Tulicheka mpaka machozi. Huyu anavua viatu, huyu hereni, mpika chai akavua na kilemba, akasema kina kilo mbili peke yake. Nikapanda mimi. Nikashuka, nikapanda tena. Kilo mia moja na saba. Wenzangu wakapiga makofi: "Huyu ndiye mwenye mume! Anatunzwa!" Na mimi, Dada, nikainama kama mtu aliyepewa zawadi.

Muuguzi peke yake hakucheka. Alinivuta pembeni, akanipima presha mara tatu, akanitoboa kidole. Presha iko juu, sukari iko juu. Akaniambia unene huu ni ugonjwa na utanivutia magonjwa mengine. Kisha akaniuliza mambo mawili. Mama yangu alikufa kwa nini? Na mimi nimekuwa hivi tangu lini? La kwanza nilimjibu ulivyoniambia, presha ya mawazo. La pili nikamwambia nimekuwa hivihivi siku zote, dada yangu fundi ni shahidi. Akanitazama, akasema, "Hakuna aliyezaliwa na kilo mia moja na saba. Kamwulize huyo dada."

Kwa hiyo nakuuliza. Daftari lako lina vipimo vyangu vyote tangu nikiwa msichana. Niandikie namba. Na la mama pia, kama kuna kitu madaktari walisema, niambie, maana wewe ndiye uliyeingia ndani ya hospitali siku ile, mimi niliachwa nje na viatu vyake mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Mimi nina thelathini na tano na binti yangu kumi na mbili. Nimepiga hesabu hiyo na sikuipenda.

Nasubiri.

Mdogo wako,
Kibonge

30 Mei 1997

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umetulia. Mimi nipo, ila macho yameanza kukataa tundu la sindano, nikitunga uzi inabidi niombe msaada kwa wateja.

Hao wauguzi wasikutoe roho. Wamepewa kazi ya kutisha watu na wanaifanya. Mizani yenyewe imebebwa juu ya pikipiki, itasema ukweli? Wanawake wa ukoo wetu ndivyo walivyo, wana mifupa mizito. Mbona unapika, unafanya kazi, unalea? Mgonjwa analala kitandani, hakai kwenye meza ya mbele ya harusi.

Daftari lile la zamani lililowa maji bomba lilipopasuka dukani, namba hazisomeki. Na mama alikufa kwa mawazo, nilikuambia. Baba alikuwa ametuacha mwaka uleule. Tusimchimbue marehemu.

Nimemshonea binti sketi ya shule, nimeacha kitambaa cha kutosha kwenye mshono.

Dada yako,
Sindano

18 Oktoba 1997

Dada! Dada! Dada!

Salamu utazikuta mwishoni, kwanza nikupe habari. Jana nimepanda mpaka ghorofa ya nne bila kukaa. Nilifika mlangoni nikagonga ingawa funguo nilikuwa nazo, nataka tu mtu anifungulie anione nimesimama. Shemeji yako akasema, "Kuna nini? Umefukuzwa na mbwa?"

Nimepungua kilo kumi na tatu. Karani wa masjala naye aliambiwa na muuguzi apunguze, basi tukifunga ofisi tunatembea pamoja kurudi nyumbani, dakika hamsini, tunasengenya mabosi njia nzima. Chai nakunywa bila sukari, mwezi wa kwanza nilikuwa nanuna, sasa nimezoea. Soda nimeacha. Mkate nakula kipande kimoja na siagi siigusi. Presha imeshuka. Muuguzi alinipigia makofi, na safari hii nilijua kwa nini.

Nimekuwekea uzi mpya. Nadhani ni mfupi, lakini sina wa zamani wa kulinganisha, wote unao wewe. Nishonee gauni la kazini. Na safari hii niandikie namba, Dada, hata kama ni moja tu. Nataka kuisoma kwa macho yangu. Nikiiona nadhani nitaendelea mpaka mwisho.

Haya sasa, hujambo? Mgongo? Macho?

Mdogo wako, na jina la Kibonge linakaribia kunitoka

15 Novemba 1997

Mdogo wangu,

Pole na kazi. Nakuandikia moyo ukiwa juu, nivumilie.

Mteja wangu mmoja anayefuata vitambaa huko kwenu alikuona barabarani ukitembea kwa miguu jioni. Amerudi, akaingia dukani wakiwepo wanawake wanne wanasubiri kupimwa, akaniambia mbele yao, "Fundi, pole na mdogo wako. Amekwisha." Unajua siku hizi mtu akikonda watu wanamaanisha ugonjwa gani. Wale wanne waliinamisha macho. Mmoja alikuwa ameshika chai niliyompa, akaiweka chini.

Nilimwambia mdogo wangu ni mzima, anapunguza kwa ushauri wa zahanati. Akacheka. "Kila mmoja anaanza kwa kusema hivyo."

Mdogo wangu, mimi najua wewe ni mzima. Lakini utamweleza nani na nani? Mume wako ataambiwa ameleta maradhi nyumbani, au ameshindwa kukulisha. Binti atachekwa shuleni. Wakwe zako midomo yao unaijua. Mtu aliyenenepa haulizwi swali. Rudisha mwili kidogo, angalau usoni na mikononi, pale wanapotazama. Sisemi ule kama zamani. Weka sukari kwenye chai, kunywa maziwa, acha hayo matembezi ya barabarani.

Gauni nimelishona. Nyongani nimetia sponji ndani ya bitana, nyembamba tu, hakuna atakayejua. Namba hainisaidii mimi wala wewe, kwa hiyo sikuiandika.

Nakuandikia haya kwa sababu nakupenda.

Dada yako,
Sindano

20 Desemba 1997

Dada,

Wazima. Gauni limefika, limenikaa vizuri, sponji haionekani.

Ulilosema lilikuwa limeshafika hapa kabla ya barua yako. Mpika chai amenitengea kikombe changu, ameweka alama ya rangi ya kucha chini yake. Mama mkwe alikuja Jumapili, akamwita mwanawe jikoni wakafunga mlango. Alipotoka shemeji yako hakunitazama, akaniambia, "Kula bwana, unaniaibisha." Karani wa masjala ameacha kutembea, naye mama yake amemlilia.

Kwa hiyo nakula. Jana ofisini walileta keki ya mtu anayestaafu, nikala vipande vitatu mbele yao wote, taratibu, na kila kipande nyuso zikizidi kufunguka. Mpika chai mwenyewe alinikatia cha tatu.

Binti anasalimia.

Mdogo wako

4 Aprili 1998

Mdogo wangu Kibonge,

Vipi hali? Hii ni barua ya tatu bila majibu, nikaanza kuwaza kwamba posta imehama. Juzi nimepokea bahasha yako, nikaifungua kwa haraka, kumbe ndani kuna uzi peke yake. Hata mstari mmoja wa salamu hukuniwekea. Umenikasirikia?

Gauni hili hapa, la kijani. Nimefurahi kusikia kwa yule mteja kwamba umerudi katika hali yako na watu wanakusifu. Uko vilevile kama zamani.

Andika basi. Hata ukinitukana, andika.

Dada yako,
Sindano

21 Septemba 1998

Mdogo wangu,

Sijui kama mkono wako unaweza kushika karatasi hii. Shemeji amepiga simu kwenye duka la jirani yangu, nikaitwa, nikakimbia na tepu shingoni. Amesema ulianguka kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na kwamba watu walipita wakidhani umekaa kupumzika kama kawaida yako. Amesema ni kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno yanatoka kwa shida. Nilijibu "ndiyo, ndiyo," kisha nikarudi dukani nikamwambia mteja kwamba zipu yake itakuwa tayari Jumatano.

Kwenye simu nisingeweza. Naandika sasa, kwa sababu uliniuliza mambo mawili na mimi nikakudanganya yote mawili.

Daftari halikulowa. Lipo hapa mbele yangu, lina vumbi tu. Mwaka aliokufa mama nyonga zako zilikuwa inchi arobaini na moja. Ulipojifungua, arobaini na nne. Januari ya mwaka jana, hamsini na mbili, nami nikakuandikia kwamba uko vilevile. Kila mwaka niliandika hivyo na kila mwaka niliongeza kitambaa. Oktoba, ulipokuwa unatembea, zilikuwa arobaini na saba. Inchi tano uliziondoa kwa miguu yako mwenyewe, mimi nikakurudishia kwa sponji. Uzi uliokuja bila barua ulikuwa hamsini na tano. Nilijua ukiuleta bila barua unaniuliza tena. Nikajifanya sijui.

Sasa la mama. Siku ile daktari alinipeleka kwenye korido, mahali palipokuwa na ndoo za kudekia. Aliniambia ni moyo. Presha ya miaka mingi na sukari ya miaka mingi, ambazo hakuna aliyewahi kuzipima, na uzito juu yake. Kisha akasema, "Wewe ni mwembamba. Una ndugu aliyefanana naye?" Nikasema ninaye. Akasema, "Huyo mlete apimwe, na kila mwaka apimwe. Ana nafasi, ni kijana." Aliandika hata kwenye karatasi.

Nilipotoka nje, mama zetu wadogo na majirani walikuwa wamesimama wote, wananitazama mdomo. Niliona aibu, mdogo wangu. Niliona nikisema hivyo watasema mama alijiua kwa kula, yeye aliyesifiwa mtaa mzima kwa mwili wake. Nikasema mawazo. Wakaitikia mara moja, wote wakamlaani baba, na mimi nikaona nimemlindia mama heshima yake. Karatasi ya daktari niliichana njiani. Baadaye kila nikitaka kukuambia, ilinibidi kwanza nikiri kwamba nilidanganya, nikaahirisha mpaka miaka ikapita. Halafu kuna jambo jingine ambalo ni baya zaidi na sijawahi kulitamka. Nilikuwa nakuonea wivu. Nilipenda mmoja wetu awe na mwili ule.

Jumamosi napanda basi nakuja kukuuguza. Duka nafunga. Nitakuogesha, nitakulisha, nitalala chini kando ya kitanda chako.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini nikukute.

Dada yako

24 Septemba 1998

Dada,

Barua yako imeletwa na dereva wa basi leo asubuhi, nami nakujibu leoleo ili ikuwahi kabla ya Jumamosi. Anayeandika ni binti yangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nasema polepole, mdomo umekwenda upande, na mate yananidondoka, ananifuta halafu anaendelea. Barua yako pia ni yeye aliyenisomea, maana herufi zinanikimbia. Alipofika pale kwenye korido aliishusha karatasi. Nikamwambia soma. Akasoma mpaka mwisho.

Baba yake alitaka kumzuia, akasema haya si ya mtoto. Nimekataa. Mwaka huu ametimiza kumi na tatu na sketi yake ya shule umeitanua mara mbili. Nataka aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba bibi yake aliuawa na moyo, na presha, na sukari, na uzito. Ameandika. Nimemwambia aandike kwamba mama yake ameangushwa na hayohayo. Ameandika hilo pia. Analia, lakini mwandiko wake ni mzuri, utauona.

Habari ya uzi nimekusamehe. Tusidanganyane tena, mimi nilikuwa nikijua. Mtu anayekaa kwenye ngazi kila siku anatafuta funguo ambazo ziko mkononi, anajua. Nilikutumia nyuzi ili unidanganye, na wewe ulikuwa fundi mzuri. Keki pia niliila kwa mdomo wangu. Siwezi kukubebesha keki.

Lakini la mama limenishinda. Nimelizungusha tangu asubuhi, limenishinda. Ulinishika bega pale nje, mimi nikiwa na viatu vyake mkononi, ukaniambia ni mawazo, nami nikakuamini, nikaenda zangu, nikaolewa, nikazaa, nikala na kunywa kama mtu ambaye hakuna kinachomfuata. Miaka kumi na minne. Kumbe kulikuwa na mtu aliyesema nipelekwe nikapimwe, na akasema nina nafasi.

Usije Jumamosi. Tiketi irudishe. Siku nikitaka kukuona nitamwambia mtoto akuandikie, na nisipomwambia, usije.

Mtoto ananiuliza kama aongeze neno la salamu. Sina. Nililo nalo ni hili moja. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Dada. Muda nilikuwa nao.

Mdogo wako,
kwa mkono wa bintiye